Kwanza Nyekundu

Jumatatu hiyo Wembe alipofika kazini alikuta meza yake imehama. Haikuhama mbali. Ilikuwa imetolewa dirishani ikasukumwa hadi kando ya mlango wa choo, pale ilipokaa mashine ya kunakili kabla haijafa, na juu yake vilipangwa kwa adabu kikombe chake, miwani yake ya akiba na kamusi iliyokwisha jalada. Hakuna aliyemwambia neno. Wenzake walikuwa wameinamia kompyuta zao kwa bidii ambayo siku nyingine hawakuwa nayo, na yeye, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, akaketi kana kwamba meza ilikuwa hapo tangu azaliwe.

Miaka kumi na saba alikuwa akiandika ukurasa wa vitabu wa gazeti hilo la kila Jumapili. Jina la Wembe hakujipa mwenyewe. Alipewa na mwandishi mmoja wa riwaya ambaye, baada ya kusoma alichoandikiwa, alikaa wiki nzima bila kutoka nje. Wembe alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alipenda vitabu vya watu wanaohangaika, vya nyumba za kupanga na foleni za maji, na kitabu chochote chenye kiumbe kinachoruka bila injini alikikata vipande kabla hajakifikisha katikati.

Saa nne mhariri alimwita. Alikuwa dada wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kutembea na wa kusema, asiye na roho mbaya hata chembe, na kwa sababu hiyo habari mbaya zilimwia ngumu kuzitoa. Alizunguka kwanza. Akauliza hali ya nyumbani, akasifu shati. Mwisho akalisema: wenye gazeti wamepima usomaji wa kila ukurasa, na ukurasa wa vitabu umeshika mkia. Wanataka mahali pake pawekwe chemshabongo. Yeye amewaomba wiki moja, moja tu, waone kama ukurasa huo unaweza kusomwa na mtu asiyelazimishwa.

Kisha akamsukumia kitabu. Kilikuwa kikubwa kama trei ya chai. Juu ya jalada konokono mnene alibeba mji mgongoni, mji wenye minara na madaraja na kamba za kuanikia nguo, na chini yake yaliandikwa maneno: Mji Juu ya Konokono. Kitabu cha Kupaka Rangi kwa Watu Wazima.

"Hiki ni cha watoto," Wembe alisema.

"Wameandika cha watu wazima, mzee. Na kinanunuliwa."

"Watu hawana maji mabombani, wewe unaniletea makonokono."

"Nakuletea wiki moja, mzee," mhariri alisema taratibu. "Andika kitu ambacho mtu atakisoma huku anasubiri chai ichemke."

Makala ilitakiwa Ijumaa saa sita mchana. Pamoja nayo ilitakiwa picha ya ukurasa mmoja wa kitabu uliopakwa rangi ukakamilika, kwa sababu mhariri alikuwa amempigania nafasi kwenye kurasa za rangi. Mpiga picha angekuwa ofisini Alhamisi. Akafungua droo yake mwenyewe akatoa boksi la penseli za rangi, ishirini na nne, jipya, akampa. Wembe akatoka na kitabu kwapani na boksi mkononi, akapita mbele ya wenzake wote hadi kwenye mlango wa choo, na moyoni alijiona mtoto wa chekechea anayerudishwa nyumbani.

*

Nyumbani walikaa watatu, yeye na mkewe na binti yao msusi, katika vyumba viwili na sebule yenye meza moja iliyofanya kazi ya meza zote. Ilikuwa ya kulia, ya kupigia pasi, ya binti kupangia nywele za bandia, na ya Wembe kuandikia. Kila mtu alijua saa zake, na aliyepitiliza aliambiwa.

Mkewe alirudi saa nane mchana kutoka hospitali, alikofua na kukunja shuka. Kabla ya shuka alikuwa mtu wa sahani. Miaka ishirini na miwili alichora maua kwenye sahani kiwandani, hadi zilipoletwa karatasi zenye maua tayari, za kubandika tu, na wanawake arobaini wakaambiwa wasirudi. Mambo hayo yalikuwa yamepita. Katika nyumba hawakuyazungumza, na sahani ya kiwanda hicho waliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ikiwekewa funguo.

Wembe aliwasimulia yote kwa kejeli, ili wacheke kabla hawajamhurumia. Habari ya meza kuhamishiwa mlangoni pa choo akaificha. Binti alicheka kwa moyo wote. Alikifungua kitabu hapohapo akaanza kuwaonyesha: joka lililojikunja kuzunguka mnara likalala usingizi, soko linaloning'inia mawinguni kwa kamba, farasi mwenye mabawa anapigiliwa viatu vya chuma na fundi mwenye usingizi. Akasema ni kizuri sana, na kwamba baba yake hana macho ya vitu vizuri, ndiyo maana hajawahi kumsifia msuko hata mmoja.

Mama mtu alikausha mikono, akafuta meza, akakausha mikono tena, ndipo akakivuta kitabu kwake. Alikipitia ukurasa baada ya ukurasa, uso karibu na karatasi, polepole mno kwa mtu aliyesimama tangu alfajiri. Wembe akamuuliza anasoma nini humo na hakuna maneno. Akajibu kwamba anaangalia tu.

Jioni hiyo, jua likiwa bado dirishani, Wembe alijaribu kupaka. Akachagua joka, akachagua kijani, akaanzia ukingoni kwa nguvu. Mkia ulipofika kwenye mstari ukavuka. Akarudi kuurekebisha, ukavuka upande wa pili. Alipofika tumboni ncha ya penseli ikakatika, na joka lenyewe lilionekana limenyeshewa.

"Unakandamiza," mkewe alisema kutoka kwenye sinki.

"Penseli mbovu."

"Penseli haina kosa, Bwana Wembe. Unakandamiza, halafu mkono wote umeulaza kwenye karatasi."

Akaja na mikono yake iliyolowa, akamwonyesha hewani: kidole kidogo ndicho kinachogusa, mkono mwingine wote unaelea. Alitaka hata kuishika ile penseli, kisha akauondoa mkono haraka, kama mtu aliyetaka kugusa kitu dukani akakumbuka hana nia ya kununua. Binti akaingilia kati. Alimwahidi baba yake ukurasa mmoja uliokamilika kabla ya Alhamisi, na Wembe akamwambia achukue kitabu chote, hata akikiwashia jiko hatakitafuta.

*

Makala yenyewe aliiandika Jumanne, kwa dakika arobaini, mlango wa choo ukifunguka na kufungwa mgongoni pake. Alijua anajichimbia kaburi. Ndani ya kifua chake kulikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtu wa miaka hamsini na minane asiyejua kazi nyingine yoyote, lakini akaona kwamba kama ni kuzikwa, bora azikwe na wembe wake mkononi. Aliandika kwamba majoka ni dawa ya usingizi kwa watu ambao wangefaa kuamshwa. Aliandika kwamba kitabu kina kurasa arobaini bila neno hata moja, na kwamba baada ya kuzifungua zote ameelewa sababu: hakina la kusema. Sentensi hiyo aliipenda mno. Aliirudia kwa sauti ya chini mara mbili.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viatu vimeshavaliwa na chai iko mezani, alikichukua kitabu rafuni ili akitie kwenye mfuko. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaona kidoa chekundu. Wa pili ulikuwa na bendera nyekundu juu ya mnara, mlango mmoja mwekundu, na kidoa kingine. Wa tatu, paa na utepe. Akafungua hadi mwisho. Kurasa zote arobaini zilikuwa zimeguswa na nyekundu, hapa ulimi wa joka, pale ukanda wa kiatu, na ukiondoa lile joka lake la kijani hapakuwa na rangi nyingine mahali popote. Ndani ya boksi penseli nyekundu ilikuwa imechongwa ikabaki nusu. Zile nyingine, isipokuwa aliyoivunja yeye, zilikuwa bado na ncha zake za dukani.

Binti akakiri kwamba alipata maharusi wawili wa kusuka mfululizo, akampa mama yake kazi hiyo tangu Jumanne. Na mama akatokea jikoni amevaa sare ya kazini, uso umechangamka kwa namna ambayo Wembe aliikumbuka baadaye kwa maumivu.

"Nyekundu imekwisha," alisema. "Nilimaliza jana saa kumi."

"Imekwisha vipi? Mimi nilitaka ukurasa mmoja. Mmoja tu, rangi zote."

"Haipakwi hivyo. Unachukua rangi moja, unaipitisha kote, ndipo..."

"Nani kakwambia hapa ni kiwandani?" Wembe akasema. "Kiwanda kilikutoa miaka minane iliyopita, na wewe bado umo ndani."

Binti aliweka kikombe chini bila kukinywa. Mama akasimama kidogo, mikono imeshikana mbele ya sare. Kisha akaichukua penseli nyekundu kutoka mezani, akairudisha kwenye nafasi yake katika boksi, akafunga kifuniko, akachukua mkoba wake akaenda kazini. Chai yake ilibaki mezani, na hakuna aliyethubutu kuimwaga.

*

Mpiga picha wa gazeti alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyetoa kijiti mdomoni hata akiwa anaongea na mkurugenzi. Wembe alimkabidhi kitabu huku akijitetea mapema: kumetokea kasoro nyumbani, hakuna ukurasa uliokamilika, pengine apige tu jalada. Mpiga picha akakilaza chini ya taa yake, akafungua ukurasa, akafungua mwingine. Wembe akasubiri kuchekwa.

"Mzee," mpiga picha akasema, "huyu mama anakwenda wapi?"

"Mama gani?"

"Huyu wa kilemba."

Akamwekea kidole. Katika pembe ya ukurasa, chini ya ngazi yenye vidato mia, alikuwepo mwanamke mdogo wa ukubwa wa ukucha, ameinama, ndoo mkononi. Kilemba chake kilikuwa chekundu. Hicho ndicho kidoa alichokiona Wembe asubuhi akakipita. Akafungua ukurasa unaofuata, na mama alikuwepo, safari hii katikati ya ngazi. Ukurasa wa saba alikuwa anapita chini ya pua ya joka lililolala, amenyanyua ndoo isigonge. Ukurasa wa kumi na tisa alikuwa katika lile soko la mawinguni, na wachuuzi wote wamempa kisogo. Wa thelathini na moja alikuwa amekaa, ndoo iko chini, anajikanda goti.

Wembe akarudi mwanzo, akatazama upya, sasa na miwani yake ya pili juu ya ile ya kwanza. Ukurasa wa kwanza mama alikuwa anakinga maji kwenye chemchemi, na ukurasa wa arobaini alikuwa amefika. Alikuwa anamnywesha konokono. Mji wote ule, minara na masoko na majoka yake, ulikuwa umebebwa na mnyama mwenye kiu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekumbuka kumpelekea maji. Mchoraji aliitia hadithi hiyo ndani ya michoro yenye mistari elfu, hakuitangaza popote, akaiacha imngoje mwenye macho.

Na kila doa jingine jekundu lilikuwa na kazi yake. Bendera, mlango, utepe, vyote vilikuwa vinaliongoza jicho kutoka upande mmoja wa ukurasa hadi kilipo kile kilemba. Mkewe hakuharibu kitabu. Alikisoma chote, tena kwa rangi moja, huku yeye Wembe, mtu wa miaka kumi na saba ya kusoma, amekifungua chote na hakuona hata mtu aliyemo.  Akakumbuka sentensi yake aliyoipenda, ile ya kutokuwa na la kusema, na akaona aibu ambayo hakuwa ameionea hata meza iliyohamishwa.

Aliifuta makala mbele ya mpiga picha, bila kuinakili. Mhariri alipokuja kuuliza wanaangalia nini, wakamwonyesha. Alisimama akafungua kurasa zote arobaini, na simu yake ikalia mpaka ikanyamaza yenyewe. Mwishoni akasema kwamba Wembe akiandika habari hii kama ilivyo, atakwenda kuwatetea mbele ya wenye gazeti, yeye na ukurasa wake. Lakini nyekundu peke yake haitoshi. Kwenye gazeti wasomaji watadhani mtambo umekosea. Anahitaji picha moja iliyokamilika, na mpiga picha atamsubiri kesho saa mbili asubuhi.

Kwa hiyo kazi yake yote sasa ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye yeye alimtukana kabla ya chai.

*

Wembe alifika nyumbani kabla ya mkewe akachemsha chai mwenyewe. Majani aliyatia mengi mno. Mkewe alipoingia saa nane na kukuta vikombe viwili mezani alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Kaa kwanza."

Akakaa. Wembe, ambaye aliwahi kuwaandikia watu wazima maneno ya kuwaliza, alihangaika kupata machache ya kawaida. Akasema yale ya asubuhi hayakuwa ya kusemwa, si kwake, wala mbele ya mtoto. Akasema alikosa. Mkewe akaionja chai, akakunja uso, akaendelea kuinywa, na Wembe akajua kwamba hilo ndilo jibu atakalopata kwa sasa.

"Ulimwonaje?" akamuuliza.

"Nani?"

"Yule mama wa ndoo."

Mkewe akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Si yupo kila ukurasa."

"Mimi sikumwona."

"Si ulikuja ukasimulia ulivyomwambia bosi wako, watu hawana maji. Nikadhani unamsema yeye."

Wembe akacheka mpaka akakohoa, na mkewe naye akatabasamu kidogo kwenye kikombe. Hapo akapata nguvu ya kumwomba. Akamweleza kila kitu, safari hii hata meza na mlango wa choo, na wiki moja aliyopewa, na ukurasa mmoja unaotakiwa kesho. Alipomaliza, mkewe alikuwa ameshageuza macho.

"Mimi nimemaliza," alisema. "Nyekundu ndiyo kazi yangu. Zilizobaki ni za wengine."

"Wengine wapi?"

"Baba, miaka yote hiyo na wewe hujui?" mkewe akauliza.

Hakujua kweli. Miaka yote ya kiwanda aliwaambia watu kwamba mke wake anachora maua. Sasa ndipo anaambiwa kwamba mezani walikaa wanawake sita, na kila mmoja alikuwa na rangi yake na brashi yake. Yeye alianza, kwa kuwa nyekundu hutangulia. Alitia petali kwenye sahani, akaisukuma, wa pili akatia majani, wa tatu kikonyo, ikaenda hivyo hadi mwisho ikaingia tanuri. Ua lililokamilika aliliona madukani, kama mnunuzi mwingine yeyote. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kushika rangi ya pili.

"Hata mara moja?"

Akakizungusha kikombe. "Mara moja. Aliyekuwa na njano aliugua, sahani zikawa zinasubiri. Nikachukua brashi yake, nikatia nukta katikati ya ua moja. Nilitaka kuona tu. Msimamizi akanisimamisha mbele ya meza zote, akaniletea pipa, akaniambia sahani niivunje mwenyewe. Akasema nyekundu ni nyekundu." Akakiweka kikombe chini. "Lilitoka zuri, mume wangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Lilitoka zuri."

Wembe aliondoa vikombe. Alinyanyuka akafuta meza. Akamfungulia kitabu ukurasa wa arobaini, akafungua boksi la penseli akaliweka karibu na mkono wake, asimwambie achukue wala aache. Yeye akakaa upande wa pili na karatasi zake. Akamwomba basi amweleze kitabu, aandike, kwa kuwa kati yao aliyekisoma ni mmoja.

Mkewe akaanza kueleza, kwanza kwa mkato, kisha kwa raha. Karatasi ni nzuri, nzito, inashika rangi bila kuinywa. Picha ziko upande mmoja tu wa karatasi, kwa hiyo huharibu ya nyuma, na aliyefikiri hivyo anajua kazi. Mstari wa mchoraji ni mmoja, hakurudia, mkono wake hautetemeki, na hata kwenye magamba ya lile joka amemhurumia mpakaji, ameyafanya makubwa pale jicho linapochoka. Kasoro zipo. Mshono umebana, picha ikiingia katikati mkono haufiki. Na majani ya ukurasa wa ishirini yamechorwa kwa ajili ya watu wenye macho ya miaka kumi na minane. Wembe aliandika yote kama alivyoambiwa. Alipojaribu kutia neno gumu mkewe alimuuliza linamaanisha nini, naye akalifuta.

"Mtu anayepaka hiki anapata nini?" akamuuliza.

Akafikiri. "Shuka ni nyeupe," alisema. "Nakunja mia nne kwa siku, nyeupe. Hapa nilikaa saa mbili sikukumbuka mguu." Alishaokota penseli bila kujijua. Aliishika juu ya gamba la konokono, kidole kidogo kimegusa karatasi na mkono mwingine wote unaelea. "Huku ni kijani?"

Wembe alikuwa na maoni juu ya kila kitu chini ya jua, na hata hili alikuwa nalo. Akalimeza.

"Sijui," alisema. "Wewe unaonaje?"

Mkono wake ulikaa hewani muda mrefu. Wembe aliogopa kwamba amekosea tena. Kisha mkewe akairudisha kijani kwenye boksi, akachukua buluu iliyofifia, akaigusisha kwenye gamba, na baada ya hapo hakuuliza tena. Binti aliporudi kutoka saluni aliwakuta hivyo, kila mmoja upande wake wa meza, akabeba nywele zake za bandia akaenda kuzipangia kitandani bila kuambiwa.

Ukurasa wa vitabu ulibaki. Hilo lilikuja kujulikana wiki iliyofuata, baada ya barua za wasomaji, nyingi zikiuliza duka gani linauza kitabu hicho na moja ikidai Wembe amezeeka. Meza yake haikurudishwa dirishani. Aliizoea palepale mlangoni, na akaanza kupelekewa vitabu ambavyo zamani asingevigusa, ambavyo alivibeba nyumbani kwanza kabla ya kuandika chochote. Lakini Alhamisi ile hakuna aliyejua lolote kati ya hayo. Walikuwepo tu wao wawili na mwanga wa dirisha ambao ulikuwa umeanza kupungua.

Alifika mwisho. Konokono alikuwa na gamba la buluu na uso wa mnyama anayeshukuru, mji ulikuwa umesimama juu yake na madirisha yake yote, na mama wa kilemba alikuwa ameinamisha ndoo. Pale maji yalipomwagika mchoraji aliotesha ua moja dogo. Petali zake zilikuwa nyekundu tangu jana. Katikati palikuwa bado peupe.

Akachukua njano. Akaichonga upya, akapuliza vumbi, akatia nukta moja. Kisha akaiinua penseli akatulia, kichwa ameinamisha kidogo upande wa mlango, kama mtu anayesikiliza viatu vya mtu vikija nyuma yake. Wembe alielewa anasikiliza nini, akasikiliza naye. Hakuja mtu.

"Haya," mkewe alisema, akamsukumia kitabu. "Kapeleke."